Muuza Utulivu wa Eastleigh

Leo asubuhi nimekaa mezani nikitafuta neno. Naandika tangazo la kuwaambia watu wenye pesa kwamba wakipanda ndege zetu watafika mahali ambapo kelele kubwa kuliko zote ni ya nyasi kupigwa na upepo. Nikaandika "kimya", nikafuta. Nikaandika "utulivu". Kabla sijaweka nukta, helikopta ikapita juu ya paa. Vijiko vikacheza kikombeni, tenki la maji likaguna, mtoto wa jirani akaangua kilio, na mbuzi aliyekuwa akipelekwa machinjioni Kiamaiko akalia naye, ingawa yule alikuwa na sababu zake. Nilipotazama skrini nilikuta nimeandika "utulivuuuuuuuu". Kidole kilikuwa kimegandia hapo.

Mimi ni afisa wa masoko katika kampuni ndogo ya ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Hilo neno "masoko" limeniponza. Mama yangu kijijini, kila nikimpigia simu, huniuliza nyanya zimeshuka bei au vipi. Nimemweleza mara nyingi kwamba tunapeleka watalii Maasai Mara kwa ndege ya Caravan, injini moja, viti 12, na kazi yangu ni kuhakikisha hivyo viti havikai bure. Husikiliza hadi mwisho, kisha huniuliza vitunguu je.

Kwangu ni Eastleigh, ile pembe ya mwisho ambayo ukitoka kuanika nguo unatazamana na ukuta wa kambi ya jeshi la anga, Moi Air Base. Msije mkadhani nilifuata ndege. Nyumba nilionyeshwa Jumapili, na Jumapili hazina fujo sana. Dalali alilijua hilo. Alisimama katikati ya sebule tupu, akashusha pumzi, akaniambia, "Bosi, hapa pametulia." Na mimi, mtu ambaye mshahara wake unatokana na kuwaambia Wajerumani maneno hayo hayo, nikaamini.

Sasa tuongee habari ya kufika kazini. Ndege yetu ikitoka Wilson inaingia Mara kwa dakika 45. Mimi kutoka hapa hadi hiyo Wilson, siku njema, ni saa moja na nusu, na siku njema zilikwisha zamani. Napanda matatu namba 6 au 9 hadi mjini, navuka mji mzima kwa miguu hadi Railways, napanda ya Rongai, namwambia makanga nashukia Wilson. Makanga ananipima kuanzia kiatu. "Mkubwa, Wilson ni ya ndege." Kama kwamba nimepotea nikielekea soko la Gikomba! Hapo Nyayo tunakwama chini ya wale korongo wakubwa wanaokaa mitini wamekunja shingo kama mahakimu, na huwa nawaonea wivu, maana hawalipi nauli na bado wanafika mapema. Nikifika mezani, wageni walioruka asubuhi hiyo wameshaona simba, wameshampiga picha, na mmoja ameshanitumia ujumbe kwamba simba mwenyewe amelala tu.

Kinachoniuma zaidi ni historia. Kabla ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, uwanja wa ndege wa Nairobi kwa wasafiri wa kutoka ng'ambo ulikuwa hapa hapa Eastleigh. Watu walikuwa wakitoka Ulaya na kofia zao, wanashukia nyuma ya jiko langu. Ningekuwa afisa masoko enzi zile ningekwenda kazini na ndara, saa saba narudi kula githeri ikiwa bado moto. Wakahamisha abiria, wakahamisha tikiti, wakaniachia ngurumo.

Na hizi zilizobaki ndizo ndege ambazo haiwezekani kuziuzia kiti. Nimezizoea mpaka nazitambua nikiwa nimefumba macho. Helikopta ya Puma ina sauti ya mtu anayekung'uta godoro bila kuchoka. Zile ndogo zinalia kama cherehani iliyokosa mafuta. Zote zinapita mbele yangu kutwa, na hata picha siruhusiwi, kibao kiko ukutani, kimeandikwa kwa herufi ambazo hata mimi na miwani yangu nazisoma nikiwa mbali. Mtu wa matangazo kupanga nyumba mahali ambapo kamera ni kosa ni kama mpishi wa pilau kukodi chumba kwa mwenye nyumba asiyetaka moto.

Afadhali lakini siku za kawaida. Subiri ikaribie Madaraka tarehe 1 Juni, au Mashujaa tarehe 20 Oktoba, au Jamhuri tarehe 12 Desemba, wakati marubani wanafanya mazoezi ya kupita juu ya jukwaa la wakubwa. Hapo ndipo ndege za kivita, F-5, zinakuja kutoka Nanyuki. Helikopta angalau ina adabu, inabisha hodi tangu mbali. F-5 ukiisikia ujue imeshapita, na ile sauti inakuja nyuma yake kukusanya madeni.

Mwenye nyumba wetu ni mzee mmoja mpole ambaye Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 alikuwa kijana, anaishi hapa hapa. Wanajeshi wa anga waliojaribu kupindua serikali siku ile, wengi walitoka upande wa pili wa ukuta huu. Jaribio likazimwa, jeshi la anga likavunjwa, likaundwa upya kwa jina la 82 Air Force, na mwaka 1994 likarudishiwa jina lake. Mzee hakurudishiwa chochote. Anasema siku ile mapinduzi yalimkuta nyumbani hana hata kibaba cha unga, na maduka yote yamefungwa. Basi tangu hapo, ndege zikipita chini, hata ziwe za sherehe, hata redio iwe imetangaza, yeye hushuka ngazi na kapu lake hadi dukani. Hanunui sukari wala mafuta. Ni unga tu, pakiti kwa pakiti. Januari hutupandishia kodi, na nadhani anajaribu kurudisha hela ya unga.

Nimetaja kodi nikakumbuka: tikiti yetu moja ya kwenda Mara na kurudi ni kodi yangu ya miezi mitatu. Kwa hiyo mimi sijawahi kuipanda. Naandika habari za lile dirisha la Caravan, jinsi Bonde la Ufa linavyofunguka chini yako ghafla, kwa kuwauliza wageni wakirudi. Wengine hawakuona kitu. Walikuwa wameshika mfuko wa karatasi.

Lakini nani atakubali kwamba sina kitu? Kijana wangu wa gredi ya nne aliandika insha shuleni, "Baba yangu anauza ndege." Mwalimu akaipenda, akamsomea mwalimu mkuu. Muhula haujaisha kukawa na harambee ya basi la shule, na jina la kwanza kusomwa, kabla ya mheshimiwa diwani, likawa langu. Nikaenda mbele. Nikatoa shilingi 500. Ule ukimya uliofuata ndio ukimya pekee niliousikia tangu nihamie Eastleigh. Ningekuwa na akili ningeurekodi nikauza.

Kwa upande wa simu nimepata ujanja, nisidanganye. Siku moja nilikuwa nyumbani naongea na mama mmoja wa Ujerumani ambaye alikuwa amenisumbua wiki tatu, mara bei iko juu, mara mizigo ya kilo 15 haimtoshi, mara mbona mnataka begi laini lisilo na magurudumu, mkwe wake anayo ya magurudumu. Katikati ya magurudumu, Puma ikapanda. Nyumba ikatetemeka. Nikajua mteja amekwenda. Yeye akapaza sauti, "Uko uwanjani?" Nikamjibu, "Mama, niko karibu sana na njia ya ndege." Mungu ni shahidi, hapo sikusema uongo. Akalipa siku hiyo hiyo. Akasema anapenda kampuni ambayo watu wake wa ofisini wanasimama na ndege. Tangu hapo wateja sugu huwapigia nikiwa nyumbani, saa nne asubuhi, helikopta zikianza safari.

Na hicho ndicho kilichonitia matatani. Bosi akaona mauzo ya siku za nyumbani yanapita ya ofisini, akadhani ni bidii. Ijumaa akaniita, akanikabidhi begi jeusi. Ndani mna droni mpya. "Wewe unajituma ukiwa nyumbani," akasema. "Nenda nayo wikendi, jizoeze, Jumatatu niletee video."

Bosi anajua kwangu ni Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, basi. Hajui habari ya ukuta. Ningemwambia, lakini mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na mtu wa mkataba hana "lakini". Kwenye nchi hii huwezi kurusha droni ovyo, kuna kanuni za mwaka 2020, kuna kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na nyuma ya kambi ya jeshi sidhani kama kuna karatasi yoyote inayoweza kukuokoa. Nilipanda matatu nimepakata lile begi kama kuku wa mkwe. Makanga akaniambia, "Mzee, weka chini huo mzigo." Nikakataa. Akauliza kuna nini. Nikasema viatu. Nilivyoshuka ikabidi nipite kando ya ukuta wa kambi, na hakuna mtu anayetembea vibaya kama mtu anayejitahidi kutembea kawaida. Nilipiga mluzi. Mimi sijui kupiga mluzi.

Nikaisukuma chini ya kitanda, nikanyamaza. Usiku mke wangu akainama kutafuta ndara.

"Baba watoto."

"Naam."

"Huku chini kuna kitu kina miguu minne, na kinaniangalia."

"Ni cha kazi."

"Kazi gani hiyo ya kulala uvunguni?"

Ikabidi nieleze. Alinisikiliza amesimama, ndara moja mkononi. "Yaani umetoka asubuhi, ukazunguka Nairobi nzima, ukaona nyumba hii imepungukiwa na ndege?"

Kesho yake Jumamosi nikaenda kwa kinyozi, nikamwambia kijana asiguse chini ya kitanda. Wazazi mnajua kosa liko wapi hapo. Alikuwa hata hajui kwamba chini ya kitanda kuna kitu.

Niliyoyakuta nimesimuliwa na mashahidi wawili wasioelewana. Kijana anasema alibonyeza tu kuona saa. Droni ikawaka taa, ikaanza kurekodi, ikainuka kwa kadiri kitanda kilivyoiruhusu, yaani kama shubiri moja, ikagonga mbao, ikarudi chini, ikainuka tena. Ikala kamba ya ndara. Ikakamata pembe ya chandarua na kuanza kukivuta chote kwake kama mvuvi. Mke wangu akaingia na mwiko, ugali bado unaning'inia, akawa anapiga huku anapiga kelele, "Toka! Toka nakwambia!" Mwenye nyumba alikuwa anapita kwenye ngazi. Akasikia injini, akasikia mwanamke analia toka, akashika kapu lake akaenda kununua unga.

Bawa moja lilivunjika. Chandarua sasa kina dirisha.

Jumatatu nikamrudishia bosi begi, nikiwa nimepanga maneno yote ya kuomba radhi tangu Nyayo, kwa mpangilio. Hakunipa nafasi. Alichomeka kadi kwenye kompyuta, tukatazama pamoja. Giza. Vumbi linaelea. Mbali kule mwisho, mwanga mwembamba unaingia kwa chini. Kitu kirefu cheupe kinashuka polepole kutoka juu, kinatetemeka. Na sauti ya mwanamke, inatoka kama mbali, inarudi mara mbili mbili: toka, toka.

Bosi akavuta kiti mbele. Akairudia tangu mwanzo.

"Haya ni mapango ya wapi?"

Kwa kweli sijui ni nani aliyejibu kwa kinywa changu. "Suswa," nikasema. Na Suswa kuna mapango kweli, ya lava, hilo hata mtoto wa shule ya Narok atakwambia.

"Na huyu mama?"

"Anafukuza nyani." Nyani nao wanalala humo kweli. Sikuongeza hata chumvi.

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu, macho yamemjaa maji. Akasema miaka yote hii amekuwa akitafuta kitu ambacho kampuni nyingine pale Wilson hazina. Anataka safari mpya, Mara na Suswa pamoja, anataka maneno 200 kabla ya Ijumaa kuhusu utulivu wa ndani ya pango, na anataka nirudi huko nipige video nyingine, ndefu zaidi, bawa atanunua yeye.

Ndiyo maana tangu asubuhi natafuta neno. Muda mfupi uliopita nimelala kifudifudi uvunguni na tochi, nione kama litanijia. Nimeona kiatu changu kilichopotea mwaka jana. Mke wangu amekuja akasimama, nikaona miguu yake tu. Nikamwomba anisaidie kusogeza kitanda kidogo, mwanga uingie vizuri.

Amekataa. Amesema wageni wakija Suswa, kila mmoja aje na ufagio wake.