Chombo, Ua, Njia, Shamba

Simu yangu ilipotoka mfukoni mwa shati nilikuwa juu ya mkarafuu, mkono mmoja umeshika tawi na wa pili umejaa karafuu. Mkono wa tatu sijajaaliwa. Nikaisindikiza kwa macho. Chini ya mti ule pana mchanga laini kila upande, isipokuwa jiwe moja tu, na simu ikalichagua hilo hilo.

Hii ilikuwa Septemba 2024, shambani kwa Bibi, nje kidogo ya Wete. Fundi simu aliigeuza, akaipuliza, akanirejeshea kwa mikono miwili kama anayekabidhi maiti.

"Bodi imekatika, yakhe. Kazike."

Ndani ya marehemu mlikuwa na pochi yangu ya bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni. Niliinunua Juni 2021, laki na nusu za jasho la karafuu, wiki ile Rais Samia alipoiambia Benki Kuu ijiandae na sarafu za mtandaoni. Nikasema, mwenzetu wa Makunduchi keshanena, mie nnangoja nini? Kwamba Benki Kuu hiyo hiyo ilitoa tangazo la kututahadharisha 2019, hilo nililisikia fedha zishakwenda.

Lakini sikuwa na hofu. Kwa kiburi kabisa nikamwambia Bibi kuwa fedha hazimo simuni.

"Ziko wapi?"

"Zimeandikwa kwenye daftari kubwa, Bibi, lililotapakaa dunia nzima. Simu ilikuwa na ufunguo tu."

"Basi nenda kwa mwenye daftari, mwambie umepoteza ufunguo."

"Daftari halina mwenyewe."

Bibi akanitazama kwa muda, kisha akafungua pindo la kanga yake, akahesabu noti zake, akalifunga tena. Hakusema neno.

Ufunguo wa akiba ninao. Pochi hizi ukizifungua mara ya kwanza hukupa maneno kumi na mbili ya Kiingereza, yamechaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048. Simu ikifa, unayaandika kwenye simu nyengine kwa mpango ule ule na mali yako inarudi. Na mie yangu niliyaandika kwenye karatasi ya daftari la skuli, nikampa Bibi aniwekee kwenye sanduku lake, chini ya nguo za Iddi.

Bibi akalitoa karatasi lenyewe. Limegeuka rangi ya chai na linanuka ubani.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. "Nilidhani ni hirizi. Nani anaandika 'embe, chombo, mwezi' kwenye mstari mmoja na akili zake timamu? Nikawa nalifukiza kila usiku wa kuamkia Ijumaa, lisinidhuru."

Miaka mitatu pochi yangu inafukizwa. Nikacheka, nikalikunjua, nikasoma: *embe, chombo, mwezi, ua, mbuzi, njia, meza, samaki, jua, shamba, mpira, nazi.*

Hapo kicheko kikanikauka.

Maana nilikumbuka ujanja wangu wa 2021. Niliogopa mwizi. Nikaona niyatafsiri maneno kwa Kiswahili, atakayeliokota adhani ni kazi ya mtoto wa chekechea. Mwizi hakuja. Niliyejiibia ni mie mwenyewe, kwa sababu kwenye orodha ile ya 2,048 yumo *boat*, yumo *ship*, yumo *vessel*, na hata *tool* yumo. Wote kwetu ni chombo. Njia ni *path, road, route, street* au *way*. Ua ni *flower, fence* au *yard*. Shamba ni *farm, field* au *garden*. Nilikuwa nakumbuka meza kuwa ni ile ya kulia na si ya kumeza dawa, na mwezi kuwa ni wa mbinguni. Lakini hayo manne, wallahi, yamefutika. Nne mara tano mara tatu mara tatu: 180.

Yupo mtu kule Newport, Wales, James Howells, diski yake ya kompyuta ilitupwa jaani 2013 na ufunguo wa bitcoin zinazokaribia 8,000. Dunia nzima inamjua. Mie zangu hazikufika hata sehemu mbili kwa elfu ya bitcoin moja, na jaa langu ni Kiswahili.

Nikamwendea mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza, anayeshinda barazani. Kosa kubwa. Baraza haina siri. Nilipouliza tu "chombo" kwa Kiingereza ni nini, wazee saba wakaweka chini kete za bao.

"Kina tanga au kina mashine?" akauliza mmoja, baharia mstaafu.

"Sijui, Mzee. Neno tu."

"Chombo hakiwi neno tu! Kama ni jahazi, si boti. Kama ni boti, ya Azam au ya uvuvi?"

Mwalimu akashikilia *vessel*, kwa heshima ya lugha. Mwengine akasema kijana wa shamba kama mie sikuwa na Kiingereza cha *vessel*; niandike *boat* tuendelee. Tukaanza kujaribu zote kwa zamu kwenye kisimu changu kipya, Mwalimu akiweka tiki ubaoni kwa chaki. Ndiyo, ubaoni. Ubao wa madrasa, maneno yangu ya siri yote kumi na mbili kwa mwandiko mzuri, yasomeke hata na wapita njia.

Nyingi zilikataliwa papo hapo, maana neno la mwisho hubeba hisabu ya kuyahakiki yaliyotangulia, na katika kila kumi na sita hupita moja hivi. Jaribio la thelathini na mbili likapita. Pochi ikafunguka! Baraza ikapiga takbir.

Salio: sifuri.

"Umeibiwa," akasema Bibi, aliyekuja na birika la kahawa.

Sikuibiwa. Nilifungua pochi nyengine kabisa, halali, tupu, isiyo ya mtu yeyote duniani. Tukafungua tupu nne zaidi kabla ya Isha. Kila ikifunguka watu wanaamka, kila sifuri wanakaa.

Ya mia thelathini na moja ilikuwa *boat, yard, path, garden*. Zikatokea: laki tatu na ushei kwa bei ya siku ile. Baraza haikupiga takbir tena. Ilinyamaza, ikatazama ubao, kisha ikanitazama mie.

Sijawahi kuandika haraka vile. Pochi mpya, maneno mapya, fedha zote zikahamishwa nikiwa nimejifungia msalani kwa Bibi, huku nje mtu ananigongea akiuliza kama *yard* ni lile ua la kuku.

Asubuhi yake nikapita madrasa. Ubao ulikuwa umefutwa. Lakini watoto wa kike walikuwa wakiruka kamba nje, wawili wanazungusha, mmoja katikati, wote kwa sauti moja: "Embe, chombo, mwezi, ua! Mbuzi, njia, meza, samaki!"

Nikasimama kuwasikiliza. Walikuwa hawakosei hata moja.