Wetisuti na kasi ya kuogelea: nene au laini?

Hapa Tanga, Raskazone, kila tukitoka majini alfajiri ubishi ni huo huo. Kijana wetu mmoja anaenda kushindana triathloni Ulaya, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, na kuogelea ni ziwani, maji nyuzi 17, basi wengine wanamwambia nunua wetisuti, lile vazi la mpira la kubana la kuogelea, nene kuliko zote, wengine wanasema wewe umezaliwa na bahari mpira wa nini.

Wanaotaka nene wana hoja kweli. Neopreni, yaani mpira wa wetisuti, umejaa vipovu vya gesi ndo maana unaelea, na unavyozidi unene ndo unavyozidi kukubeba, ila sheria za triathloni zinaishia milimita 5. Inainua nyonga na miguu, maana mtu anayezama miguu ni kama ngalawa iliyopakiwa mzigo wote tezini, omo iko juu halafu inakokota maji tu. Mwaka 1989 Toussaint na wenzake kule Uholanzi walipima, kwa mwendo wa mita 1.25 kwa sekunde maji yalipunguza kumzuia mwogeleaji aliyevaa wetisuti kwa kama asilimia 14. Hiyo ni nyingi jamani.

Lakini anayefaidi zaidi ni yule ambaye miguu inazama. Huyu wetu kakulia maji ya chumvi, mwili wake umeshazoea kulala juu, kwahiyo asitegemee miujiza, ingawa maji ya ziwa yasiyo na chumvi hayabebi kama ya kwetu na hapo lazima avae tu.

Mi niliazima moja nikaijaribu hapa hapa. Kuivaa tu ni jasho. Nyonga zikapanda kweli, nikahisi kama mtu kanishika kiuno kwa chini, mpaka visigino vikawa vinapiga hewa badala ya maji, ila nilipofika kama mita 400 mabega yanawaka moto, kila nikipeleka mkono mbele mpira unaurudisha, na shingoni ikanichubua chumvi ikaingia humo humo. Halafu joto! Bahari yetu hata Julai haishuki sana chini ya nyuzi 25, na kwenye Ironman, zile triathloni za masafa marefu, maji yakipita nyuzi 24.5 wale wasio wa kulipwa, wanaoshindana kwa makundi ya umri, wakivaa hawahesabiwi kwenye zawadi.

Kwahiyo mi siko na wa nene wala wa bila. Naona kasi inapotea mabegani kuliko inavyopatikana miguuni, na watengenezaji wanalijua hilo, zile nzuri mapajani zina milimita 4 au 5 lakini mabegani 1.5 au 2. Na isipwaye, ikipwaya maji yanaingia unaogelea umebeba ndoo. Kabla hajatoa hela avae, ainue mikono yote miwili juu kabisa kama anavuta maji, mpira ukimkaba kwapani aiache hapo hapo dukani hata kama ndo nene kuliko zote, na siku ya mashindano apake mafuta shingoni.