Kibarua wa Miaka Minne

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alituma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafanyabiashara, ghadhabu tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Ana mkahawa mjini Mombasa, mtaa sitautaja. Amepata barua ya wakili. Kijana aliyekuwa akimpikia viazi karai na bhajia, aliyemfukuza kwa kumshuku kuwa anaiba mafuta ya kupikia, sasa anadai fidia. "Nchi hii sheria inatetea wezi," akamalizia, na majibu yakamiminika: wallahi kweli, pole sana ndugu yangu, usimpe hata ndururu, kibarua ana haki gani?

Sikujibu pale. Kazi yangu ni kuwawekea watu vitabu vya hesabu, na nusu ya waliomo mle ni wateja wangu. Najibu hapa, ambako hakuna msimamizi wa kunitoa kwenye kikundi.

"Alikuwa kibarua tu." Haya. Kijana huyo, tumwite Ali, amekaa pale miaka minne. Mkahawa anaufungua yeye alfajiri, mwenyewe bado amelala. Ufunguo wa stoo anao yeye. Wateja wanamwita kwa jina, na siku akiumwa watu wananywa chai kavu. Kila jioni alikuwa akipewa mia saba zake mkononi na kuambiwa "haya, kesho in shaa Allah". Huyo ndiye kibarua.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikutuachia sisi kuamua nani kibarua. Ni mtu anayelipwa siku ikiisha na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Yaani yule unayemwita Jumamosi akusaidie kushusha magunia ya mchele, ukampa chake, mkaagana. Kisha kuna kifungu cha 37, ambacho ningekuwa na uwezo ningekibandika kwenye mlango wa kila duka kuanzia Marikiti mpaka Kongowea. Mtu akikufanyia kazi siku mfululizo zikafika mwezi, au kazi yenyewe ikiwa ni ya kuchukua miezi mitatu au zaidi, sheria inamhesabu kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Haingoji umwandikie barua wala haingoji ukubali. Akiendelea mpaka miezi miwili, mahakama inaweza kumpa masharti yaleyale ambayo angekuwa nayo kama hukumchukua kama kibarua tangu mwanzo. Na wewe unayejiona mjanja kwa kumpumzisha kila Ijumaa ili "asiunganishe", kifungu hichohicho kinasema siku ya mapumziko na sikukuu zinahesabiwa ndani. Pole.

Daftari la watu hawa nalijua vizuri, maana ndilo ninaloletewa mwisho wa mwaka niligeuze liwe hesabu. Ni kaunta buku yenye jalada jekundu, pembe zimelowa mafuta. Upande mmoja majina, upande mmoja tarehe, katikati vema na namba: Ali 700, Ali 700, Ali 700, kisha "Ali 500, alichukua 200 asubuhi". Kurasa na kurasa. Mwenyewe anakuonyesha kwa fahari, kwamba yeye hajawahi kulala na jasho la mtu. Ile hadithi ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka wanaijua wote, wengine wameitundika ukutani juu ya droo ya pesa. Ni hadithi njema na sina neno nayo. Lakini daftari hilohilo ndilo litakalofunguliwa mbele ya jaji kuonyesha kwamba Ali alikuja kila siku ya Mungu kwa miaka minne. Na kama ulishaachana na daftari ukawa unamlipa kwa M-Pesa, basi ushahidi umemwekea kwenye simu yake mwenyewe, na saa na dakika zimo.

Halafu watu hawahawa wa hadithi ya jasho, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya Suratul Baqara inayotuamrisha tukikopeshana tuandikiane na tuweke mashahidi, wanaipita kama haipo. Najua, inazungumzia deni, haizungumzii ajira. Lakini mshahara ambao hujaulipa ni nini kama si deni? Mtu akiuza kiwanja Mtwapa anaita mashahidi mpaka uani kunajaa. Mtu huyohuyo anamchukua binadamu mwenzake miaka kumi kwa neno la mdomo, na ukimuuliza mkataba uko wapi anakukunjia uso: "Sisi hapa tunaaminiana. Huyu ni kama mwanangu."

Kama mwanao! Mwanao umempeleka chuo kwa pesa zilizotoka kwenye mafuta ya yule. Mwanao mkikosana humwambii "kesho usije" ukafunga mlango. Neno "mwanangu" linatumika siku ya kumwongezea saa za kazi na siku ya kumcheleweshea pesa, na siku ya barua ya wakili anageuka "kibarua tu". Mtu achague moja.

Na hapa ndipo ninapowashangaa zaidi, kwa sababu karatasi ile inamlinda mwajiri kuliko inavyomlinda kijana. Sheria inataka mkataba wa maandishi kwa kazi yoyote ya miezi mitatu au zaidi, na jukumu la kuuandaa imelibebesha mwajiri. Asiyejua kuandika atatia kidole gumba baada ya kusomewa kwa lugha anayoifahamu. Usipokuwa nao, kesi ikifika mahakamani mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wako. Ali akisema aliahidiwa elfu 25 kwa mwezi, wewe ndiye utakayethibitisha kwamba si kweli. Utathibitisha kwa kitu gani? Kwa lile daftari la mafuta?

Tupige hesabu kidogo, maana ndiyo lugha tunayoelewana. Mia saba kwa siku 26 ni Sh18,200. Mwenzetu anaamini amemfanyia kijana ukarimu. Kima cha chini kilichoanza Novemba 2024 kwa mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa hapa Mombasa ni Sh16,113.75 kwa mwezi, na juu yake kuna marupurupu ya nyumba, asilimia 15. Jumla inapita Sh18,530. Kwa hiyo huyu bwana mkarimu anapunja mia tatu na ushei kila mwezi, na hapo sijasema kwamba mpishi ana daraja lake na ni la juu zaidi. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, yaani Sh14,700 kwa kila mwaka ambao Ali hakupumzika. Ilani ya kumwachisha ni siku 28, au umlipe badala yake. Na jaji akiona alifukuzwa isivyo haki, anaweza kumpa fidia ya mpaka mishahara 12, ambayo ni Sh218,400. Si kila mtu hupewa yote kumi na mbili, jaji hupima. Lakini wangapi kati yetu wana hata robo yake kwenye droo?

"Lakini aliiba!" Huenda aliiba. Mimi sikuwepo, na hata mwenye mkahawa hakuwepo, aliambiwa na mtu wa chai. Hili nalo watu hawataki kulisikia: sheria haikutaki umthibitishie wizi kama mahakama ya jinai. Inakutaka uwe na sababu uliyoiamini kweli wakati unamfukuza, na kabla ya kumfukuza umsikilize. Kifungu cha 41. Mwite, mwambie unamshuku nini, kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake wa kazini amchague yeye, kisha muwasikilize wote wawili. Ndiyo hayo tu. Andika kwenye karatasi nani alikuwepo na alijibu nini, wote watie saini. Ukiwa na hayo mkononi na sababu yako ina miguu, barua ya wakili haikutishi sana. Ukisema "toka" mbele ya wateja huku umeshika mwiko, hata kama alibeba mtungi mzima wa mafuta, umeshajiharibia.

Hiyo ya lugha anayoielewa wala haikuwekwa kama pambo. Nimewahi kushikishwa barua ya kumtaka mtu ajieleze, imeandikwa Kiingereza cha mahakamani, amepewa dobi ambaye Kiswahili chenyewe anakisoma kwa kufuatisha kidole. Mwajiri na dobi wote wawili ni wa Mji wa Kale, wote wanaongea Kimvita tangu kuzaliwa. Barua ilitolewa kwenye intaneti na mpwa wa mwajiri.

Kwa haraka: sahani ikivunjika kwa bahati mbaya huna ruhusa ya kuikata kwenye mshahara, sheria inazungumzia aliyeharibu kwa makusudi, na kugawanya hasara ya glasi kwa wahudumu wote ni uonevu mtupu. Mtu wa Likoni akichelewa, muulize habari ya feri anayovukia kabla hujamwandikia onyo. Na yaya wa nyumbani kwako pia ni mwajiriwa, usijifanye hujui.

Sawa, nikubali kitu kimoja, shingo upande. Mwenye mkahawa wa meza sita amebebeshwa mizigo ya kampuni kubwa. SHA, bima ya afya ya taifa, ni asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi, na kazi ya kuikata na kuipeleka ni yako. Ushuru wa nyumba anatoa 1.5 na wewe unatoa 1.5. NSSF, akiba ya uzeeni, yeye 6 na wewe 6. NITA, ada ya mafunzo ya kazi, shilingi 50 kwa kila kichwa. Kila moja ina mtandao wake, na mitandao hiyo hupenda kulala siku ya mwisho ya kulipa. Msamaha kwa wadogo ni haba: sera ya maandishi ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, kwa mfano, inatakiwa kwa wenye wafanyakazi 20 au zaidi. Kwa hiyo ndio, naelewa kwa nini mtu anaona bora asimwandikishe mtu popote. Ila akwepaye NSSF ajue kwamba asiyeandikishwa huko ana haki ya kudai malipo ya utumishi akiondoka, na mahakama zimezoea kuhesabu mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokaa. Ulichokikwepa kwa mwezi unakilipa kwa mkupuo.

Wanaosema mkataba ni mambo ya mahoteli ya Nyali waende wakamuone khalati yangu, dada yake mama. Anapika biriani za harusi Kisauni, ana akina mama watano na kijana mmoja wa kubeba masufuria. Mkataba wake ni ukurasa mmoja, Kiswahili, ameuchapisha sibakafe na nakala moja anayo mfanyakazi. Umeandikwa jina, kazi, mshahara, saa, na siku ya mapumziko ambayo kwake ni Jumanne, maana Ijumaa mpaka Jumapili ni harusi. Chini kuna mstari alioongeza mwenyewe kwa kalamu: "Chakula cha kwenda nacho nyumbani kinaombwa, hakichukuliwi." Mwaka juzi alimwachisha mmoja wao kazi kwa mstari huo. Alimkalisha uani pamoja na mwenzake, wakazungumza, akamwandikia, akamlipa siku zake na likizo yake iliyobaki, akampa na cheti cha utumishi ambacho sheria inakitaka. Yule mama hakwenda kwa wakili yeyote. Bado wanaalikana harusi.

Na kabla sijasahau, Ramadhani. Kila mwaka mikahawa yetu inafunga mchana, na vijana wanaambiwa warudi nyumbani "mpaka Idi" bila senti, kana kwamba matumbo ya watoto wao nayo yanafungwa mpaka Idi. Wengine hurudi wakakuta nafasi imechukuliwa. Huwezi kumsimamishia mtu mshahara kwa sababu wewe umeamua kupumzika. Lakini njia zipo, na zote zinataka mzungumze mapema: anaweza kuchukua likizo yake ya siku 21 mwezi huo, yenye malipo, kwa makubaliano. Mnaweza kuhamishia saa za kazi usiku, wakati wa futari na daku, ambapo kusema kweli ndiko biashara iliko. Na yule unayemhitaji kwa msimu tu, mwandikie mkataba wa muda maalumu wenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Unaruhusiwa kabisa. Khalati yangu, ambaye Ramadhani hana harusi hata moja, huwakalisha wafanyakazi wake mwanzo wa Shaaban na kuwauliza mmoja mmoja nani anataka likizo na nani atakaanga sambusa za kuuza jioni.