Ukimpenda mnyama wa porini kaa naye mbali

Mimi ni mtu wa Kigoma na hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Wengi wetu tunaosema tunawapenda wanyama wa porini, tunachopenda ni kuwashika, kuwalisha na kupiga nao picha, na wanaoumia ni wao.

Kuna duka moja hapa mjini, mwenyewe anafuga tumbili hapo nje, kamfunga kamba kiunoni na ncha ingine kwenye mguu wa benchi. Siku nimeenda kununua vocha nikamwangalia vizuri, pale kamba inapopita manyoya yameisha kabisa, ngozi imebaki nyeusi inang'aa, na kila mtoto anayetoka shule lazima asimame ampe kitu, mara biskuti mara soda. Nikamuuliza mwenye duka, kaka mbona umemfunga hivi, akanijibu kwa upole tu, "Dada, huyu ni kama mwanangu, anakula ninachokula mimi." Na nilimwamini, anampenda kweli. Sasa shida iko hapohapo, maana tumbili anaishi na kundi, ana wenzake wa kumchambua chawa, wa kumpigia kelele chui akitokea, na katoto kama kale mara nyingi hakapatikani mpaka mama yake auawe kwanza. Halafu sheria ya wanyamapori ya 2009 hairuhusu kufuga bila kibali, ila huku mtaani nani anaulizwa.

Na msidhani ni sisi wa mtaani tu. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alivyofika Gombe, hifadhi yetu hapa Kigoma, Julai 1960 sokwe walikuwa wakimwona tu wanakimbia, ikachukua miezi mpaka yule dume David Greybeard akamvumilia, na kwa kumwangalia akichokoa mchwa na bua la nyasi dunia ikajua kumbe sokwe naye anatumia zana. Hayo yalipatikana kwa kukaa mbali na kusubiri. Baadaye ndo zikaja ndizi, zinawekwa kambini ili sokwe waje wenyewe, na wakaja kweli, wengi kwa wakati mmoja, ugomvi ukazidi, wanagombana wao kwa wao, wanagombana na nyani. Mwaka 1966 polio ikaingia kwenye kundi, ugonjwa wetu sisi binadamu, wengine wakafa na wengine wakabaki na mikono iliyopooza. Ule utaratibu wa ndizi ukaja kupunguzwa, mwishowe ukaachwa kabisa. Kama watu waliokaa nao miaka yote ile walifikia hapo, mgeni wa siku moja anataka kumrushia sokwe ndizi apate selfi kwa misingi gani? Mafua yako tu yanaweza kumuua, ndo maana wageni wanavalishwa barakoa.

Kuna lingine zito, sipendi kulisema ila lazima. Mwaka 2002 sokwe dume Frodo alimnyakua mtoto mchanga wa familia ya mfanyakazi palepale Gombe akamuua. Frodo alikua akiona watu tangu mdogo, hakuwa na hofu nao hata kidogo, na sokwe kwa asili anawinda, mbega wekundu wanalijua hilo vizuri. Mimi siwezi kumwita muuaji. Ninachosema ni kwamba ile hofu ya mnyama tunayohangaika kuiondoa kwa ndizi na biskuti ndo inayomlinda yeye na ndo inayotulinda sisi na watoto wetu.

Kwa hiyo nyie mnaopanda boti Kibirizi kwenda Gombe, mwongozaji akisema rudi nyuma, rudi, usimbembeleze wala usimpe hela akusogeze karibu. Na wewe mwenye tumbili nyumbani usikurupuke kukata kamba leo ukamwachia kwenye mashamba ya watu, aliyelelewa na binadamu hajui kujitafutia, ataingia jikoni kwa mtu na atapigwa mawe mpaka afe. Nenda kaongee na watu wa maliasili wilayani, wao wanajua pa kumpeleka.