Mpiga Picha Aliyelitafuta Jua Baharini

Mjomba anaishi Dubai, na kila akija Mombasa huja na masanduku na amri. Safari hii amri ilikuwa moja: tupigwe picha ya familia nzima, bibi katikati, sote sare, kabla hajarudi. Kazi ya kutafuta mpiga picha akapewa kaka yangu, kwa kuwa ndiye mwenye bando.

Maoni hayakukosekana. Shangazi alitaka twende Mapembeni, kwa wale vijana wanaokupiga ukiwa chini ya pembe za ndovu za Moi Avenue na kukupa picha yako papo hapo, ungali unapangusa jasho. Mimi nikasema, huyo atakayepatikana atuonyeshe picha zote za shughuli moja, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, asituletee zile kumi alizozichambua. Maana hata mimi na simu yangu iliyopasuka kioo, nikipiga mia sikosi tatu za kutundikwa. Bibi akasema miaka ya 1960 watu walikwenda studio kwa Parekh, mtu akawekwa mkono hapa, kidevu pale, akatoka malaika, basi, yakaisha. Kaka alitusikiliza wote kwa adabu, kisha akachagua wake.

Alimtoa Instagram. Picha, haki ya Mungu, zilikuwa nzuri: watu wa nguo nyeupe, nyuma yao jua jekundu linazama baharini, nusu limeshaingia majini. Kundi la familia kwenye WhatsApp likafurika mioyo na vidole gumba. Hao ni watu waliozaliwa Kuze, papa hapa Mombasa, baba yao alikuwa nahodha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jua lile limefikaje pale. Arbuni ya shilingi elfu nne ikaenda kwa M-Pesa, nne nyingine zikangoja kazi iishe.

Miadi ilikuwa saa kumi jioni, bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, karibu na mibuyu. Wanawake madera ya samawati, wanaume kanzu. Bwana wetu akateremka kwenye tuktuk saa kumi na moja, miwani nyeusi usoni, kamera yenye lenzi ndefu kifuani. Alipiga picha kadhaa za kwanza kabla mjomba hajamwambia kwa upole, "Kijana, hicho kifuniko hakitolewi?"

Nao upepo wa kusi ulikuwa haujali sare ya mtu. Madera yakajaa, tukawa kama maturubali ya arusi yaliyokatika kamba. Shangazi alipigwa picha zote amelibana dera kwa magoti, ndiyo maana kila mahali anaonekana kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha jikoni.

Akatupanga tukaipa bahari mgongo. Jua lilikuwa mbele yetu, linamulika kutoka upande wa mjini, mwanga laini umetulia kwenye nyuso bila kumkunjisha mtu jicho. Mwenye ujuzi angezimaliza hapo hapo akaenda zake. Yeye akapiga chache, akasema tungoje.

"Tungoje nini?" mjomba akauliza.

"Jua liguse maji, mzee. Hapo ndipo kwenye picha yenyewe."

Tukangoja. Meli ya makontena ikapita mbele ya macho ikiingia Kilindini. Watoto wakadai mihogo, wakanunuliwa. Kunguru akashuka akamnyakua mmoja kipande mkononi, kilio kikaanza. Bibi akatafutiwa pa kukaa. Shukuru Mungu tangu pakarabatiwe 2019 vikao vipo. Muda wote huo mpiga picha anatazama baharini, anatazama saa, anarudi kutazama baharini. Mwisho akamsogelea muuza mihogo, akamwuliza kwa sauti ya chini ambayo upepo ulituletea sote:

"Bro, jua hapa laangukia wapi?"

Muuza mihogo aliacha kupaka pilipili. Akamtazama, akainua kisu, akaelekeza nyuma ya vibanda, kule mjini, ambako jua lilikuwa limebaki kipande.

"Kule. Hapo baharini ngoja alfajiri."

Mjomba akaomba simu ya kaka. Akazikuza zile picha za Instagram kwa vidole viwili, akaguna. "Forodhani hii. Unguja." Mji Mkongwe unatazama magharibi, ndiyo maana jua lao huzama majini. Letu hutoka majini.

"Pwani ni pwani, mzee," akasema yule bwana, akaanza kupiga mbio mbio mpaka adhana ya Magharibi ikamkuta bado anabonyeza.

Picha zilipokuja, ahadi ilikuwa imetimizwa. Jua lilikuwepo! Kubwa, jekundu, nyuma yetu, limezama nusu baharini. Nyuso zetu zinang'aa kwa jua la kweli lililokuwa mbele, vivuli vyetu vimelala kulielekea jua la pili. Mjomba, ambaye Dubai imemchoma miaka yote hii, ametolewa mweupe pe, kama si kofia nisingemjua. Muuza mihogo naye amefutwa, lakini hakufutwa wote. Mkono umebaki. Unaelea juu ya bega la mpwa wangu, umeshika karatasi ya mihogo.

Bibi alivaa miwani, akaisogeza picha karibu na dirisha.

"Huku nyuma ni bahari?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hii ni jioni? Maana nakumbuka magoti yaliniuma, Magharibi yakaribia."

"Ndiyo, bibi."

"Basi jua lafanya nini huko?"

Hakuna aliyejibu. Mjomba alianza kukohoa.

"Siku jua likienda kinyume, yakhe, hiyo si picha, hicho ni Kiyama. Nanyi mmenitia katikati nacheka! Nyumbani kwangu haitundikwi."

Kaka akamwandikia mpiga picha, kwa heshima zote, kwamba familia inaomba jua litolewe. Jibu halikukawia, akatusomea: kutoa jua, mia tano, kutoa mkono, mia tatu.

Bibi akafungua fundo la leso, akahesabu mia tano.

"Mpe ya jua. Mkono uacheni, mihogo tuliilipa."