Acheni Kuwaambia Watu Wetu kwamba Marekani Si Demokrasia

Jumamosi huwa nasaidia watu wetu hapa Louisville kujiandaa kwa mtihani wa uraia. Wengi ni Wakongo waliopitia kambi za Uganda, Burundi na Tanzania, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha mezani. Orodha ya maswali 128, ile ya 2020 iliyorudishwa 2025, inaanza na swali hili: Marekani ina mfumo gani wa serikali? Majibu yanayokubaliwa ni matatu. Jamhuri. Jamhuri ya shirikisho inayofuata katiba. Demokrasia ya uwakilishi. Ukitaja moja tu umepata.

Kaka mmoja tunayesaidiana naye, mtu wa kwetu Afrika Mashariki aliyepata uraia zamani, akamwambia mama mmoja wa Beni, "Mama, hilo la tatu liache. Hii nchi ni jamhuri, si demokrasia. Demokrasia ni wengi kuwaonea wachache." Mama akajibu, "Sawa, mtoto yangu," akachukua kalamu, akalikata jibu la tatu kwenye daftari lake.

Nilinyamaza kwa kumheshimu kaka mbele ya watu. Hapa sinyamazi.

Huyo mama ametoka Beni. Uchaguzi wa rais wa Kongo wa tarehe 30 Desemba 2018 ulipofika, tume ya uchaguzi ilikuwa imeshatangaza kwamba Beni na Butembo hawapigi kura, eti kwa sababu ya Ebola na usalama, na kwamba wangepiga Machi 2019. Rais akaapishwa Januari. Kura ya Machi ingembadilisha nani? Siku ile ya Desemba watu wa Beni walitoka majumbani, wakapanga foleni na kupiga kura yao wenyewe, wakijua kabisa kwamba hakuna atakayeihesabu. Mdogo wake mama huyu alikuwa kwenye foleni hiyo. Nchi yao inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maneno yote mawili yako kwenye jina. Jamhuri walikuwa nayo siku ile. Walichonyimwa ni hilo la pili. Leo mama yule amevuka bahari, na Mswahili mwenzake anamfundisha kulikata kwa kalamu.

Nataka tujue msemo huu umetoka wapi, maana ndugu zetu wengi wanaubeba wakidhani umo ndani ya Katiba ya Marekani. Haumo. Katiba inaahidi kila jimbo serikali ya kijamhuri, basi. Waliousambaza kwa nguvu kuwa kauli ya kisiasa ni John Birch Society, kikundi cha mrengo wa kulia cha kupinga ukomunisti, chini ya mwanzilishi wake Robert Welch, mwanzoni mwa miaka ya 1960: hii ni jamhuri, si demokrasia, tuitunze hivyo hivyo. Oktoba 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi, Seneta Mike Lee wa Utah aliandika kwamba demokrasia si lengo, lengo ni uhuru, amani na ustawi. Angalieni miaka hiyo ilipo. Neno hili husikika zaidi pale ambapo kuna watu wanaogopa hesabu ya kura.

Wanaolisema hupenda kumtaja James Madison, mmoja wa walioandika Katiba ya Marekani. Ni kweli kwamba mwaka 1787, katika makala ya 10 ya zile Federalist, makala zilizoandikwa kuitetea Katiba hiyo, Madison alitenganisha demokrasia na jamhuri. Lakini demokrasia aliyoikataa ni ile ya raia wote kukusanyika mahali pamoja na kuendesha serikali wao wenyewe, bila wawakilishi. Hakuna mtu leo anayetaka Wamarekani zaidi ya milioni 330 wakutane uwanjani. Ninachowaomba ndugu zangu ni kuisoma makala ileile yote. Madison anauliza: kundi lenye nia mbaya likiwa ni dogo, tiba yake nini? Anajibu kwamba tiba ni kanuni ya kijamhuri yenyewe, yaani walio wengi walishinde kundi hilo kwa kura ya kawaida. Hayo ni maneno ya mtu huyohuyo wanayemtumia kutuambia kwamba wengi wakishindwa na wachache ndiyo jamhuri inafanya kazi. Alexander Hamilton, mwandishi mwenzake wa makala hizo, katika ile ya 22, anakwenda mbali zaidi: msingi wa serikali ya kijamhuri unadai kwamba matakwa ya walio wengi yashinde. Na alikuwa anazungumzia hasa ubaya wa kuyapa majimbo makubwa na madogo kura sawa.

Kwa hiyo kubishana kama Marekani ni jamhuri au demokrasia ni sawa na kubishana kama mtu ni Mdigo au ni seremala. Norway ni demokrasia na ina mfalme. Korea Kaskazini inajiita jamhuri. Sitaki kupoteza muda hapo.

Muda nataka kuutumia Alabama. Hadi miaka ya 1960 jimbo la Alabama lilikuwa linagawa viti vya bunge lake kwa sensa ya mwaka 1900. Kaunti ya Lowndes, yenye watu 15,417, ilikuwa na seneta mmoja katika bunge la jimbo. Kaunti ya Jefferson, ulipo mji wa Birmingham, yenye watu zaidi ya 600,000, ilikuwa na seneta mmoja vilevile. Mtu mmoja wa Lowndes alikuwa na uzito wa watu 41 wa Jefferson. Sasa ingieni ndani ya Lowndes kwenyewe. Kati ya kila watu watano, karibu wanne walikuwa weusi, na mwanzoni mwa 1965 hakukuwa na hata mmoja wao aliyeandikishwa kupiga kura. Hata mmoja! Ukubwa wote ule wa kura ya Lowndes ulikuwa mikononi mwa Wazungu wachache, na hesabu ya watu iliyokuwa ikiwapa kiti chao iliwajumuisha majirani waliowafungia mlango wa kituo cha kupigia kura.

Je, Alabama haikuwa na serikali ya kijamhuri? Ilikuwa nayo. Ilikuwa na katiba, gavana, bunge lenye mabaraza mawili, mahakama na wawakilishi waliochaguliwa. Kila kitu ambacho kaka yangu angekitaja kama sifa ya jamhuri kilikuwepo. Kilichokosekana ni kwamba watu wahesabiwe sawa. Mwaka 1964, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, Mahakama ya Juu ilisema hapana, na Jaji Mkuu Earl Warren akaandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, hawawakilishi miti wala ekari. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 1965, Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikatiwa saini. Hayo hayakutokea kwa sababu jamhuri ilijitengeneza yenyewe. Watu walipigwa, wakafungwa, wengine wakauawa wakidai demokrasia, kwa jina hilohilo. Na wakati wanapigwa ndipo msemo wa kina Welch ulikuwa unatembea mkutano kwa mkutano.

Asije mtu kuniambia naandika kwa ajili ya chama. Waliowafungia kura watu wa Lowndes walikuwa wa chama cha Democratic. Trump naye mwaka 2024 aliongoza kura za wananchi na kura za wajumbe wa uchaguzi, wale wa kila jimbo ambao kura zao ndizo zinazomchagua rais, mpinzani wake akakubali kushindwa, na kwa upande huo sina neno. Aliyepigiwa kura na watu wengi zaidi ndiye aliyeapishwa.

Shida yangu ni pale hesabu inapokataa. Mwaka 2000 Al Gore alipata kura za wananchi zaidi ya nusu milioni kumzidi George W. Bush, akakosa urais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa karibu milioni 2.9, akakosa. Sheria zilifuatwa, nakubali. Wagombea walizijua tangu mwanzo, na kampeni zao walizipanga kwa sheria hizo. Lakini ukiuliza kama sheria yenyewe ni ya haki, unajibiwa "hii ni jamhuri, si demokrasia," na mazungumzo yanaishia hapo kana kwamba umejibiwa. Hujajibiwa. Umeambiwa unyamaze.

Seneti ni hivyohivyo. Kwenye sensa ya 1790, Virginia ilikuwa na watu takribani mara 13 ya Delaware, na tayari watu walikuwa wanalalamika. Kwenye sensa ya 2020, California ilikuwa na zaidi ya milioni 39, Wyoming chini ya 580,000. Ni karibu mara 68, na kila jimbo lina maseneta wawili. Wakazi wa Washington, mji mkuu wenyewe, ni wengi kuliko watu wa Wyoming na hawana seneta hata mmoja. Puerto Rico, yenye raia wa Marekani zaidi ya milioni tatu, haimpigii rais kura kabisa.

Kaka yangu ana hoja moja yenye uzito, nami nitampa haki yake. Wengi wanaweza kuonea. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ilipofuta sheria za kukataza ndoa kati ya weusi na Wazungu, katika kesi ya Loving dhidi ya Virginia, Wamarekani walio wengi wakati ule walikuwa hawaziafiki ndoa hizo. Sisi wahamiaji, weusi, na wengi wetu Waislamu, tunaishi hapa chini ya ulinzi wa haki ambazo kura haiwezi kuzigusa kirahisi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Sitaki ziondolewe. Lakini tuelewane. Kumlinda mchache ili asionewe ni jambo moja. Kumpa mchache awatawale wengi ni jambo jingine kabisa. Haki ya dini yangu inamzuia jirani kuniingilia msikitini; hainipi mimi kura 41 dhidi ya yake moja. Watu wanaichukua hoja ya kwanza, ambayo kila mwenye akili anaikubali, wanaipenyezea ya pili ndani yake, halafu ukiikataa ya pili wanakuambia unapinga ya kwanza.

Kinachonisikitisha ni kusikia haya kwa mtu wa kwetu. Tanganyika ilikuwa jamhuri tangu tarehe 9 Desemba 1962. Kuanzia 1965 hadi 1992 chama kilikuwa kimoja kwa sheria, na kwenye urais ulipewa jina moja useme ndiyo au hapana. Wazee wetu wanakumbuka. Jamhuri ilikuwepo miaka yote hiyo, bendera ilipanda na kushuka. Ndiyo maana leo Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, inasema wazi kwamba Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia yenye kufuata mfumo wa vyama vingi, na Kenya wakaweka jambo hilohilo kwenye ibara ya 4 ya Katiba ya 2010. Waliodai maneno hayo yaandikwe walikuwa wameshaishi ndani ya jamhuri isiyouliza watu, na hawakutaka kurudi.

Na Wamarekani wenyewe walishawahi kulizungumza hili kiutu uzima. Septemba 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 338 dhidi ya 70, pendekezo la kubadili Katiba ili rais achaguliwe moja kwa moja na wananchi. Wabunge wa vyama vyote viwili waliliunga mkono, na Rais Nixon, wa Republican, akaliunga mkono pia. Lilipofika Seneti wapinzani walirefusha mjadala ili lisipigiwe kura. Septemba 1970 kura ya kufunga mjadala ilikuwa 54 kwa 36, lakini zilihitajika theluthi mbili, na pendekezo likafa hapo.

Kwa hiyo kaka, kama unaamini wajumbe wa uchaguzi ni utaratibu mzuri, nieleze kwa nini. Niambie majimbo madogo yangesahaulika, nikujibu kuhusu mikutano ya kampeni ambayo Wyoming haiioni hata sasa. Niambie shirikisho haliwezi kudumu bila Seneti ya usawa wa majimbo. Hiyo nitaifikiria usiku kucha, maana nakubali ni ngumu. Niambie kwa nini kura ya mtu wa Washington isiwe na seneta. Tubishane hadi chai ipoe. Ila mama wa watu mwachie jibu lake la tatu. Serikali ya Marekani yenyewe imelikubali kwenye karatasi ya mtihani.