Daktari na Fomu ya Madai

Daktari wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali za Dar es Salaam huanza kuandika vipimo na dawa kwa wagonjwa wenye kadi za bima tangu wiki zake za mwanzo, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumweleza kipimo anachokiandika kinalipwaje, nani anakilipa, na kwa masharti gani. Miaka mitano ya chuo humfundisha mengi kuhusu figo na moyo, lakini fedha zinazoendesha wodi atakayofanyia kazi huachwa kwa mhasibu.

Nimekaa miaka kadhaa katika kitengo cha madai, kinachoidai bima malipo ya wagonjwa, cha hospitali moja jijini, na nimeona kutojua huko kunavyogharimu. Chukua mfano wa kijana aliyeanguka na bodaboda, akapoteza fahamu kwa dakika chache, kisha akaletwa akitapika. Daktari anaagiza picha ya CT ya kichwa, uamuzi ambao hakuna mtaalamu atakayeupinga, ila kwenye fomu, mahali pa ugonjwa, anaandika tu “maumivu ya kichwa”. Mhakiki wa bima, ambaye hakumwona kijana huyo na wala hakusikia habari za bodaboda, analinganisha ugonjwa ulioandikwa na kipimo kilichofanyika, haoni sababu, anakata malipo. Hospitali imeshatumia mashine, umeme na muda wa mtaalamu wa mionzi, na fedha hairudi. Makato ya namna hiyo yakirundikana, mwisho wa mwezi msambazaji wa dawa hulipwa pungufu, na mgonjwa mwingine kabisa huambiwa dirishani kwamba dawa yake imekwisha, akanunue nje. Tiba ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maelezo.

Wapo wakongwe wa taaluma wanaohofu kwamba daktari akifundishwa bei atamtazama mgonjwa kwa jicho la mfanyabiashara. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mfumo wa kulipia kila huduma kivyake tayari unamshawishi mtoa huduma aongeze vipimo visivyo vya lazima (na tuseme kweli, wapo wanaofanya hivyo). Lakini ushawishi huo upo, daktari aujue asiujue. Anayeuelewa ndiye anayeweza kumkatalia meneja anayemhimiza aagize zaidi, na kumjibu mhakiki anayetaka kukata kilicho halali. Asiyeuelewa hutumiwa na pande zote mbili.

Machi 2024, kitita kipya cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo mfuko hulipia na bei zake, kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa mfuko zikidai kwamba bei mpya hazifidii gharama. Mgonjwa aliyekuwa amekatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi, na mwajiri wake akachangia kiasi hichohicho, alitaka maelezo kutoka kwa mtu anayemwamini, yaani daktari wake. Wengi hawakuwa na la kusema zaidi ya kumwelekeza mapokezi. Sasa, kwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023, wagonjwa wenye maswali kama hayo wataongezeka.

Sidai shahada ya uchumi. Vipindi vichache katika mwaka wa mwisho vingetosha kueleza kitita hupangwaje, tofauti ya kulipwa kwa kila huduma na kulipwa kwa kila mwanachama (kiasi kilekile, atibiwe asitibiwe), na gharama ya mgonjwa wa msamaha, anayetibiwa bila kulipa, huangukia wapi. Kisha, katika mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kila daktari akae siku mbili tatu kitengo cha madai, apewe fomu zilizokatwa, zikiwemo zake mwenyewe, azipitie pamoja na karani anayezijua. Makarani wetu wangefurahi. Wengi wao wamechoka kuwapigia madaktari simu usiku kuulizia saini na namba ya ugonjwa.